Usiifungue Kamera Iliyotoka Kwenye Kiyoyozi

Ukinunua soda baridi pale Forodhani jioni, dakika mbili hazipiti chupa imelowa nje. Soda haijavuja. Hewa ya pwani imejaa unyevu, na unyevu ukigusa kitu cha baridi unageuka maji. Kamera inayotoka chumba chenye kiyoyozi hupatwa na hayohayo, na mimi nililijua hilo nikiwa kazini, siku ya watu.

Ilikuwa harusi Unguja, mwezi wa Machi. Nilikaa na bibi harusi chumbani hotelini kwa muda wa karibu saa mbili, wakimpamba, kiyoyozi kimewekwa 18 ili wanja usichuruzike. Saa kumi na mbili na robo tukateremka ufukweni kuwahi jua kabla halijazama. Nikainua kamera, nikaona weupe mtupu kama maziwa. Nikafuta lenzi kwa upindo wa shati. Ukungu ukarudi hata mkono sijaushusha. Nikafuta tena, na tena. Mama wa bibi harusi akanisogelea: "Mwanangu, mbona hupigi?" Sikuwa na la kumjibu. Jua likazama, na picha waliyoisubiri kuliko zote haimo kwenye albamu yao. Bado inaniuma.

Kufuta hakukusaidia kwa sababu kioo kilikuwa bado baridi. Hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kuacha maji kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26 hivi. Kwa hiyo kazi yako ni kuipasha kamera joto la nje huku umeizuia isiguswe na hewa ya nje. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanahangaika na vitambaa.

Ninachofanya sasa ni hiki. Kamera inaingia kwenye mfuko au kopo lisilopitisha hewa nikiwa bado ndani, kwenye baridi, kisha ndipo natoka. Zamani ushauri ulikuwa mfuko wa plastiki, lakini huku visiwani mifuko ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku miaka mingi, na Bara tangu Juni 1, 2019. Mimi natumia kopo la chakula, lile lenye mpira kwenye kifuniko. Wenzangu wanaopiga picha baharini wana mifuko yao ya kukunja mdomo, nayo ni mizuri. Maji yatajikusanya nje ya kopo, kamera ibaki kavu. Nusu saa inatosha kwa kamera ndogo. Lenzi nene ya kilo moja na zaidi ipe saa nzima.

Ila harusi haisubiri nusu saa. Ndiyo maana kamera ya pili, yenye lenzi ya ufukweni, haiingii chumbani kabisa: inakaa barazani na msaidizi wangu, kivulini, tangu tunafika. Hii ndiyo iliyoniokoa mara nyingi kuliko kopo. Garini mwambie dereva azime kiyoyozi na kushusha vioo dakika ishirini kabla ya kufika, na begi lisikae mbele ya tundu la upepo.

Ukungu ukishaingia, tulia. Usibadilishe lenzi, maana utaikaribisha hewa yenye unyevu mpaka kwenye sensa, kile kibamba cha ndani kinachonasa picha. Usivute lenzi ya zumu, ile ya kusogeza picha karibu au mbali, mbele na nyuma. Inanyonya hewa kama pampu. Kama una filta, kile kioo cha ziada kinachofungwa mbele ya lenzi, ifungue, mara nyingi ukungu umenasa kati yake na kioo. Mashine ya kukausha nywele hata wakikuletea kwa upendo, kataa, joto lake ni kali mno kwa gundi na grisi za ndani.

Na usirudishe kamera yenye majimaji begini ukalala. Pwani hii kuvu haichelewi: nilifungua lenzi ya rafiki yangu nikakuta nyuzi nyembamba zimetambaa kwenye kioo cha ndani, kama utando wa buibui. Kausha kwanza, kisha weka kwenye sanduku lenye silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu, unyevu uwe kati ya asilimia 40 na 50. Kipimo kidogo cha unyevu hakina gharama kubwa.

Jingine: toa kadi ya picha na betri kabla hujalifunga kopo. Ndugu wa harusi wakitaka kuona picha papo hapo, utawaonyesha bila kulifungua.