Kuwinda ni halali, au ni kuwaonea wanyama? Jibu kwa muulizaji wa Chemba

SWALI: Assalaam alaykum Shekhe. Mimi ni mkulima wa alizeti na mtama wilaya ya Chemba, jirani na Pori la Akiba Swagaswaga. Tangu enzi za wazee wetu, watu wa huku huwinda digidigi, sungura na kanga kwa mbwa, mishale na matanzi. Sasa msikitini kwetu pametokea mvutano. Ustadhi mmoja amesema kuwinda siku hizi ni haramu, kwa sababu nyama ya ng'ombe na mbuzi ipo buchani, na kumuua mnyama aliyejiendea zake porini ni dhuluma. Mwingine amemjibu kwamba alichohalalisha Mwenyezi Mungu hakuna wa kukiharamisha, hata serikali, hivyo kibali hakina maana yoyote. Shemeji yangu ni mwindaji na hutuletea nyama, na mama yangu mzazi anaipenda sana. Halafu kijana wangu ameitwa kazi kwenye kampuni ya uwindaji wa kitalii upande wa Rungwa, ambako wageni hufuata pembe na ngozi. Tufuate kauli ipi?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, kila mmoja wa hao maustadhi ameshika nusu ya jambo, na nusu aliyoiacha ndiyo inayowaumiza watu na wanyama.

Nianze na aliyeharamisha. Uwindaji umehalalishwa kwa maandishi ya wazi ya Qur'ani. Katika Suratul Maida, aya ya 4, Mwenyezi Mungu anasema tumehalalishiwa vitu vizuri, na pia walichotukamatia wanyama tuliowafunza kuwinda, tukitaja jina Lake. Aya ya 96 ya sura hiyohiyo inahalalisha mavuvi ya baharini, na inaharamisha mawindo ya nchi kavu kwa aliye katika ihramu tu, yaani aliyeingia katika ibada ya Hija au Umra. Sahaba Abu Tha'laba al-Khushani, radhi za Allah ziwe juu yake, alimwendea Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba wao wanaishi katika ardhi ya mawindo, wanawinda kwa upinde, kwa mbwa aliyefunzwa na kwa mbwa asiyefunzwa. Mtume hakumwambia aache. Alimwambia: ulichowinda kwa upinde wako ukataja jina la Allah, kula, ulichowinda kwa mbwa wako aliyefunzwa ukataja jina la Allah, kula, na ulichowinda kwa mbwa asiyefunzwa ukawahi kukichinja, kula. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Mtu wa Chemba aliye katika ardhi ya mawindo ana jibu lake humo, na hakuna ustadhi mwenye mamlaka ya kulifuta eti kwa sababu bucha imefunguliwa stendi. Tena asisahau kwamba nyama ya buchani haifiki kila nyumba huko kwenu, hasa miezi ya ukame chakula kinapopungua ghalani.

Lakini ustadhi huyo ana chembe ya haki, na ni chembe kubwa. Dini iliyohalalisha kuwinda ndiyo hiyohiyo iliyosema wanyama ni umma mfano wetu (Al-An'am, aya ya 38). Sahaba Ibn Umar aliwapita vijana wa Kikureshi waliomfunga ndege wakimfanya shabaha ya mishale. Walipomwona wakatawanyika. Akasema Mtume amemlaani mwenye kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Laana si neno dogo, ndugu yangu. Na katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Shaddad bin Aws, Mtume amesema Mwenyezi Mungu amewajibisha ihsani, yaani kutenda kwa wema, katika kila kitu. Mkiua, ueni vizuri, na mkichinja, chinjeni vizuri, mtu anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Kwa sababu hiyo wanazuoni hawakuliweka suala hili kwenye fungu moja. Wa madhehebu ya Malik wamesema hukumu ya uwindaji huzunguka zile hukumu tano: unaweza kuwa wajibu kwa mwenye njaa asiye na njia nyingine, ukawa wa kupendeza, ukawa wa ruhusa tu, ukawa wa kuchukiza unapokuwa mchezo, na ukawa haramu pale mtu anapoua bila nia ya kumchinja wala kumla mnyama. Mwanachuoni Ibn Taymiyya naye amesema kuwinda kwa haja kunafaa, kuwinda kwa mchezo kunachukiza, na kukiwa na kudhulumu watu katika mazao na mali zao ni haramu. Pia imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kwamba mwenye kufuata mawindo hughafilika. Wapo vijana tunaowaona wakimaliza usiku mzima porini na mbwa, alfajiri inawapita wamelala chini ya mbuyu. Hao windo limekwisha kuwawinda wao.

Sasa nije kwa shemeji yako, maana hapa ndipo penye mambo mengi.

Mbwa kwanza. Kumfuga mbwa wa kuwindia kumeruhusiwa kwa hadithi sahihi, pamoja na mbwa wa mifugo na wa shamba. Sharti ni awe amefunzwa: akitumwa aende, akizuiwa asimame, na akikamata asile. Adiyy bin Hatim, aliyetoka katika watu wa mawindo wa kabila la Tai, aliambiwa na Mtume: mbwa akila, nawe usile, kwani nachelea atakuwa amejikamatia mwenyewe. Hiyo ndiyo kauli ya wengi, na ndiyo tunayoifuata sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi. Imam Malik ameruhusu hata kama mbwa amekula kidogo, kwa riwaya nyingine ya Abu Tha'laba iliyo kwa Abu Daud. Sikuzuii kuijua kauli ya Malik, ila ukiishi na Mashafi usiwachanganye watu mezani. Mbwa wengi ninaowaona vijijini hawajafunzwa chochote zaidi ya kukimbia mbele. Windo la mbwa wa namna hiyo ni halali likikutwa lina uhai wa kutosha likachinjwa. Wakilimaliza wao, ni nyamafu. Na pale palipoumwa na mbwa, katika madhehebu yetu, paoshwe mara saba, moja kwa udongo.

Kutaja jina la Allah wakati wa kumtuma mbwa au kuachia mshale kwa Mashafi ni sunna iliyosisitizwa. Kwa madhehebu ya Hanafi na Malik ni wajibu, ila aliyesahau anasamehewa. Na Hanbali katika mawindo hawamsamehi hata aliyesahau. Palipo na hitilafu ya ukubwa huo, mtu mwenye akili haachi kusema Bismillah.

Mshale ni halali ukichoma kwa ncha. Mtume aliulizwa juu ya fimbo ya kurusha akasema: iliyompiga kwa ncha yake, kula, iliyompiga kwa ubapa, huyo amekufa kwa kipigo, usile. Kwa hiyo kanga aliyeangushwa kwa jiwe la manati akafa kabla ya kisu ni haramu, na wazazi wa Dodoma wawaeleze watoto wao jambo hili, maana manati zimejaa. Mtume alikataza kurusha vijiwe akasema haviwindi windo wala havimuumizi adui, ila huvunja jino na kung'oa jicho. Mshale wenye sumu ni tatizo. Sumu ikishiriki katika kumuua, wanazuoni wetu hawamhalalishi mnyama huyo, kwa sababu ameuliwa kwa chenye kuhalalisha na kisichohalalisha kwa pamoja, na katika hali hiyo upande wa haramu hutangulizwa. Bunduki wamekhitilafiana: waliotangulia waliijua risasi ya udongo inayoponda, wakaiharamisha, waliokuja baadaye, akiwemo mwanachuoni Shawkani, wakaona risasi ya chuma hupenya na kutoboa, wakairuhusu. Naona kauli hii ya pili ina nguvu. Hata hivyo ukimfikia akiwa hai, mchinje.

Na sasa matanzi. Nasema hili nikimaanisha, na ninaomba limfikie shemeji yako kwa maneno haya haya: matanzi ya waya ayaache kabisa. Waya wa tanzi hauchagui. Mwekaji amekusudia digidigi, ananaswa mbuzi wa jirani, ananaswa swala mwenye mimba, ananaswa fisi ambaye hakukusudiwa. Mnyama anajivuta waya unazidi kuingia kwenye nyama, saa baada ya saa, na mwenye tanzi amelala kwake au amekwenda mnadani na hatarudi mpaka kesho kutwa. Akirudi anakuta mzoga. Huyo ndiye aliyetajwa katika aya ya 3 ya Suratul Maida, aliyekufa kwa kunyongwa, na ameharamishwa kwa jina. Ameteswa, na nyama yake imepotea. Mtume ametueleza habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha akale wadudu wa ardhini. Niambie tofauti ya paka yule na swala aliyefungwa waya shingoni akafa kwa kiu porini Swagaswaga. Mimi siioni. Ikiwa mtu ana tanzi la kunasa mguu, analilinda na anamwahi mnyama akiwa hai akamchinja, nyama hiyo kifiqhi ni halali. Lakini tanzi linaloachwa porini ni dhambi hata kama halikunasa kitu, kwa sababu limewekwa kwa kutojali.

Ustadhi wa pili amesema kweli kwamba hakuna wa kuharamisha alichohalalisha Mwenyezi Mungu. Amekosea alipotoka hapo akaenda kwenye kibali. Serikali haijasema digidigi ni haramu. Imesema nani awinde, wapi, lini na kwa njia gani, na hilo ni jambo la mtawala katika maslahi ya raia. Kiongozi wa kwanza wa Kiislamu kufunga eneo lisiwindwe alikuwa Mtume mwenyewe, alipoifanya Madina kuwa tukufu baina ya majabali yake, mnyama wake asikimbizwe na mti wake usikatwe. Sayyidna Umar naye aliweka malisho ya hifadhi huko Rabadha. Na kabla ya hapo Mwenyezi Mungu aliwajaribu masahaba kwa jambo hilihili, katika aya ya 94 ya Suratul Maida: wakiwa katika ihramu, mawindo yaliwajia karibu kiasi cha kufikiwa kwa mikono yao na mikuki yao, ili ajulikane anayemwogopa Mola wake kwa siri. Aya hii ningependa isomwe katika kila kijiji kinachopakana na pori la akiba. Mnyama anavuka mpaka anaingia kwenye shamba la alizeti, askari wa wanyamapori hayupo, jirani amelala. Ni mtihani uleule.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaka mwindaji awe na leseni, na inakataza matanzi na sumu. Anayekutwa na nyara, yaani sehemu ya mnyamapori, hata nyama, bila kibali anaweza kufungwa miaka 20 au zaidi. Mtu anayejiingiza humo kwa paja la digidigi ameiweka familia yake hatarini, na Sharia haimruhusu kujitia kwenye maangamizi kwa mikono yake. Wapo wanaosema wazee wetu wamewinda tangu kale, na michoro ya mapango ya Kolo kule Kondoa inashuhudia. Ni kweli, michoro ile ina wanyama na watu, na kwa heshima yake imeingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2006. Ila wachoraji wale waliishi kukiwa na wanyama tele na watu wachache. Ada njema huangaliwa pamoja na hali ya watu wake.

Je, nyama iliyowindwa bila kibali ni haramu kuila? Hapa wanazuoni wana njia mbili. Wengine wanatenganisha: mnyama wa porini hana mmiliki kwa asili yake, akichinjwa sawasawa nyama yake ni safi, na dhambi inabaki kwa mvunja sheria. Wengine wanamhesabu kuwa mali ya umma, na hao wana hadithi iliyo kwa Abu Daud: Mtume alialikwa chakula, akatafuna tonge, akahisi mbuzi yule amechukuliwa bila idhini ya mwenyewe. Hakuendelea kula, akaamrisha walishwe mateka. Mimi naegemea kusema kwamba si nyamafu, lakini mcha Mungu ajiepushe nayo, na asimpe mwindaji soko.

Kwa anayependa nyamapori, tangu kanuni za mwaka 2020 zinazoruhusu bucha za nyamapori, ipo njia ya kununua bila kujificha. Uliza tu aliyechinja ni nani. Ukiambiwa ni Mwislamu, usipekue zaidi. Bibi Aisha amesimulia kwamba watu walimwambia Mtume wanaletewa nyama hawajui kama imetajiwa jina la Allah, akawaambia: tajeni ninyi, mle.

Kijana wako wa Rungwa. Kuua mnyama kwa ajili ya pembe na picha tu, mwili ukaachwa, siwezi kukuhalalishia, na kumsaidia mtu katika hilo ni kusaidiana katika dhambi. Lakini kazi katika kampuni hizo si moja. Akiwa mpishi, dereva wa kuleta maji, mlinzi wa kambi au fundi wa gari, ujira wake kwa kazi hizo una wasaa. Akiwa ndiye anayewahi kumchinja mnyama ili nyama iliwe na wafanyakazi na wanakijiji, hiyo ni kheri. Kazi ya kumsogeza mgeni kwa simba au chui ili apate ngozi ya ukutani, aikatae; wanyama wenye meno ya kuraruwa hawaliwi, na hapo hakuna udhuru wa chakula. Akikosa nafasi nyingine kambini, arudi nyumbani, riziki ina milango mingi na msimu wa mtama hauko mbali.

Mama yako asisumbuliwe kwa alichokwisha kula bila kujua, hana dhambi. Kuanzia sasa shemeji akileta nyama, mpokee kwa heshima, umuulize mambo matatu kabla haijaingia jikoni: ilipatikanaje, ilikuwa hai ilipofikiwa kisu, na kibali kiko wapi. Akishindwa kujibu mawili ya mwanzo, isipikwe, wala usimpe jirani Mwislamu. Akishindwa la tatu, mrudishie kwa maneno laini, na mama umchinjie kuku.

Wallahu aalam.