Stringi iliyoshiba: anza na urefu, fankisheni zitakuja zenyewe

Mkuu, umeuliza kama lugha unayoitengeneza uiwekee klasi (kifurushi cha data na fankisheni zake) ya stringi, yaani ya maandishi ndani ya programu, yenye kila kitu ndani, kukata, kutafuta, kugeuza herufi kubwa, hadi kutambua namba ya simu na imeili, ili mtu asihangaike na maktaba za pembeni. Mimi niko huku Moshi, nimekaa sana na mifumo ya vyama vya wakulima wa kahawa na ya kutuma meseji kwa mkupuo, kwa hiyo nakujibu kutokea huko, wale wa chuoni watanirekebisha.

Hiyo orodha ya fankisheni iweke pembeni kwanza. Swali gumu ni moja tu: stringi ikiulizwa ina urefu gani, inajibu nini? Chukua ile emoji ya familia, baba mama na mtoto mmoja. Jicho linaona kitu kimoja. Ukiuliza lugha za programu, Swift inakwambia 1, Python inakwambia 5, JavaScript 8, Rust 18. Na hakuna iliyokosea hapo, kila moja inahesabu chake: Swift inahesabu kile anachokiona mtu, Python inahesabu namba za Unicode, ule mpangilio wa dunia unaoipa kila alama namba yake (emoji tatu na vile viunganishi viwili visivyoonekana), JavaScript inahesabu vipande vya biti 16, Rust inahesabu baiti za UTF-8, namna ya kuhifadhi hizo namba kwa baiti. Sasa wewe ukiweka fankisheni moja inaitwa urefu halafu basi, kila mtu ataielewa anavyotaka na utakuwa umewatega. Weka tatu, kila moja jina lake, baiti, namba za Unicode, na herufi kama zinavyoonekana, mtu achague mwenyewe.

Usije ukasema emoji ni mambo ya watoto wa Chuga (Arusha) hayatuhusu. Angalia ng' yetu. Mtu kaandika tangazo la mnada wa ng'ombe kwenye Word, Word imempindishia ile apostrofi bila kumuuliza, kakopi kapesti kwenye mfumo. Neno linaonekana lile lile, herufi 7, ila baiti zimekuwa 9 badala ya 7, na kubwa zaidi ile apostrofi iliyopinda haimo kwenye alfabeti ya kawaida ya SMS, kwa hiyo meseji nzima inahamia mfumo mwingine ambao kikomo ni herufi 70 badala ya 160. Tangazo la herufi 150 lililokuwa SMS moja sasa ni SMS 3 (zikiungwa kila kipande kinabeba 67), zidisha kwa wanachama wote wa chama halafu nenda kamweleze mhasibu. Na ukimtafuta mkulima mwenye ng' kwenye jina humpati, kwa sababu aliyesajili alitumia apostrofi moja na wewe umetumia nyingine. Kwa hiyo kulinganisha nako kuwe kwa namna mbili: sawa baiti kwa baiti, na sawa kwa macho ya mtu.

Halafu jaribu title() ya Python, ile ya kukuza herufi ya kwanza ya kila neno, kwenye ng'ombe. Inakupa Ng'Ombe 😂 yaani ikiona apostrofi inadhani neno jipya limeanza. Wenyewe wameliandika kabisa kwenye maelezo yao kwamba ndivyo inavyofanya. Ndiyo maana mambo ya lugha za watu mimi nayatoa nje ya klasi, yakae kwenye moduli yake inayoambiwa hii ni lugha gani. Hata herufi kubwa tu ina utata, i ya Kituruki ikikua inabaki na nukta yake, ß ya Kijerumani inageuka SS na urefu unabadilika.

Kuhusu kujaza, iangalie C++. Stringi yao ilikuwa na fankisheni zaidi ya 100, mtaalamu wa C++ Herb Sutter akaonyesha zaidi ya nusu zingeweza kukaa nje ya klasi bila shida yoyote, na pamoja na msururu wote huo ya kuuliza tu kama neno fulani limo ndani imekuja kwenye C++23, toleo la 2023! Ndani bakiza zile zinazohitaji kujua baiti zimehifadhiwaje, nyingine zote zijengwe juu yake. Namba ya simu siyo stringi mkuu, ni aina yake, inajua kwamba 07 na +2557 ni mtu yule yule, usiichomeke humo.

Stringi isibadilike ikishaundwa, hilo sina mjadala nalo. Kwenye kukata ndipo uwe makini: Java zamani kipande kilitumia safu ile ile ya herufi kwenye memori ya stringi mama, haraka sana, ila ukibaki na maneno mawili ya faili zima basi faili zima linang'ang'ania memori, wakaja kuliacha kwenye Java 7 toleo dogo la 6, mwaka 2012, sasa wanakopi. Ukitaka ile kasi tengeneza aina ya pili ya kuchungulia tu, mtu ajue kabisa kwamba ameazima.

Ukimaliza hiyo sehemu ya kukata tupia kodi ya programu hapa tuikague.