Nilimtoa mwanangu 'medium' nikampeleka Kayumba, na bado naulizwa kama nimefulia

Kwa asiyejua, medium ni shule ya kulipia inayofundisha kwa Kiingereza, na Kayumba ni jina la utani la shule za serikali. Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, habari za majukumu. Nimepata uhamisho, nakuja Dodoma mwezi wa saba na watoto wawili, mmoja darasa la pili, mwingine la tano. Nitajie shule nzuri ya medium, ada isizidi milioni mbili, yenye basi." Nimeusoma ujumbe huo zaidi ya mara tatu. Kilichonikwama kooni ni maneno mawili ya mwisho.

Nilianza kumjibu pale pale kwenye simu, nikajikuta nimeandika mpaka kidole kinauma. Bora niyaseme hapa, najua hayuko peke yake.

Mimi nilikuja Novemba 2017, wakati serikali inahamia kwa kishindo na kodi za nyumba zinapanda kila wiki. Dodoma ilikuwa bado manispaa, ujiji ulikuja Aprili 2018. Ofisi yetu ilikuwa imejibana kwenye majengo ya UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, mimi nikapanga Nkuhungu, upande wa pili kabisa wa mji, kwa sababu kodi yake ndiyo niliyoiweza. Saa nne, wakati wa chai, mazungumzo yalikuwa mawili tu: viwanja na shule. "Wako anasoma wapi?" Ukitaja shule ya serikali, watu wanakoroga chai muda mrefu kidogo.

Januari 2018 kijana wangu wa kwanza akaanza darasa la kwanza kwenye medium moja iliyoko nje ya mji. Jina silitaji. Ada 1,800,000, usafiri 600,000, hapo hujahesabu sare seti tatu, rimu za karatasi, na mchango wa maendeleo ambao hayo maendeleo yenyewe sikuwahi kuyaona. Nilikopa. Na nilijivunia, nisidanganye. Nilimpiga picha akiwa na sweta lenye nembo nikaiweka status.

Gari la shule lilikuwa linapita kwetu saa 11:20 alfajiri. Mwanangu alikuwa wa kwanza kuchukuliwa na wa mwisho kurudishwa, wanazunguka naye Chang'ombe, Area C, Kisasa, mpaka mji wote uishe. Anayeijua Dodoma ya mwezi wa sita anajua upepo wa saa hiyo. Mama watoto alifikia hatua ya kumlaza usiku na soksi za shule miguuni ili asubuhi tuokoe dakika mbili. Siku moja natafuta daftari kwenye begi lake nikakuta chapati nne zimeviringishwa kwenye karatasi, kila moja imeng'atwa mara moja tu. Za Jumatatu mpaka Alhamisi. Mtoto alikuwa anang'ata, analala, gari linafika.

Nikazitupa, nikanyamaza. Ada nilishalipa.

Halafu kulikuwa na kile kibao. Kipande cha mbao chenye kamba, anavishwa shingoni mtoto aliyebainika kuongea Kiswahili, anakaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Sisi wazazi tulikuwa tunacheka, tunasema ndivyo Kiingereza kinavyoingia. Krismasi ya 2019 tukaenda kwa mama yangu Mpwapwa. Bibi akatoka uani anafuta mikono kwenye kanga, akamwambia mjukuu wake, "Mbukwa!" Salamu tu ya Kigogo. Mtoto akajificha nyuma yangu. Akamjaribu kwa Kiswahili, "Hujambo baba?" Kimya. Mama akaniangalia akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu ni bubu?"

Hapo ningekuwa mtu mwenye akili ningechukua hatua. Sikuchukua. Nilisubiri mpaka mwisho wa 2020, nilipoitwa ofisini kwa mwalimu mkuu nikaambiwa kijana hana kasi ya shule, arudie darasa la tatu. Nikauliza amefeli nini. Hakuwa amefeli. Wastani wake ungeishusha shule kwenye upimaji wa taifa wa darasa la nne. Hilo hakulisema hivyo, alisema "tunamwandaa vizuri zaidi." Mimi ni mhasibu. Najua mtu anavyoongea akiwa anatoa namba mbaya kwenye hesabu zake.

Januari 2021 nikamhamishia shule ya msingi ya serikali, dakika kumi na mbili kwa miguu kutoka getini kwetu. Nilipima kwa saa. Darasa lilikuwa na watoto 94, dawati moja watatu. Wiki ya kwanza alirudi hana kalamu, hana kifutio, na shati limekatika kifungo. Alirudi saa nane na nusu mchana, akala, akatoka kwenda kucheza. Mke wangu alisimama dirishani akimwangalia, akasema, "Sijawahi kumwona huyu mtoto mchana siku ya kazi."

Ofisini nikaulizwa kama nimefulia. Mmoja aliniambia kwa huruma kabisa kwamba chama cha akiba na mikopo kingeweza kunisaidia. Huyo huyo alikuwa na binti wa darasa la pili bweni, mpaka mwaka 2023 ulipotoka waraka wa kusitisha bweni kuanzia awali hadi darasa la nne. Sikumwambia kitu. Nilitamani.

Sasa msije mkadhani nasema Kayumba ni peponi. Ada hakuna, lakini uji na chakula cha mchana mnachanga wazazi, mahindi na maharage, na asiyechanga mwanawe anakaa akiangalia wenzake. Mwalimu mwenye watoto 94 hawezi kusahihisha kila daftari. Kiingereza kilikuwa somo moja, na mtoto akifika kidato cha kwanza anakutana na masomo karibu yote kwa Kiingereza. Hilo ndilo shimo, na mzazi anayekwepa kulitazama anajidanganya.

Mimi nilichofanya ni kuchukua ile milioni mbili na laki nne nikaigeuza Jumamosi.

Jumamosi ya kwanza tulikwenda Hombolo, kwenye shamba la zabibu la rafiki yangu. Mwanangu alikuwa na neno moja la kujivunia kutoka ile shule, photosynthesis. Analitamka kama mtangazaji. Nikamuuliza maana yake, akalitaja tena, kwa sauti zaidi. Yule mkulima hakulijua hilo neno wala Kiswahili chake, usanisinuru. Alimpa mkasi wa kupogolea akamwonyesha: hapa kwetu hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu, kwa hiyo sisi ndio tunaulaza kwa kuukata. Ukikatwa unachipua upya, na baada ya kama miezi minne unavuna, ndiyo maana Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Akamwonyesha kichala kilichofunikwa na majani na kingine kinachopigwa na jua. Onja hiki. Onja na hiki. Kijana alionja, akakunja uso, akaonja tena. Kwenye gari aliniuliza maswali mpaka Ihumwa, kwa Kiswahili, bila kugusa shingo yake.

Hiyo kugusa shingo sikuwa nimewahi kuigundua kabla ya siku hiyo.

Baada ya hapo ikawa desturi. Nanenane pale Nzuguni tunakwenda siku ya katikati, si tarehe nane yenyewe, maana siku ya kilele kuna viongozi na vumbi na hakuna mtaalamu mwenye muda wa kumjibu mtoto. Makumbusho ya mawe na madini ya GST, taasisi ya jiolojia ya taifa, tumeingia. Maktaba ya mkoa ndiyo iliyotuokoa kwenye Kiingereza: kitabu kimoja kila wiki, anasoma kwa sauti, mimi nakosea matamshi anacheka. Kondoa tumekwenda mara moja, mpaka Kolo, kuona michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2006. Nilitegemea atachoka na kupanda mlima. Alisimama mbele ya watu wale wembamba wa rangi nyekundu akauliza, "Baba, walichora wakiwa na miaka mingapi?" Sikuwa na jibu, na mwongozaji naye akacheka.

Na Bunge. Shule yake, hiyo hiyo ya Kayumba, iliwapeleka wakati wa bajeti. Walitangazwa kama wageni waliopo jukwaani, wakasimama, wabunge wakapiga meza. Alinisimulia kupiga meza kwa wiki mbili. Watoto wa Dar wanaota safari hiyo, wetu wanapanda daladala moja.

Kwa hiyo ndugu yangu msomaji, ushauri wangu: kabla hujalipa fomu, toka nje ya geti la nyumba unayopanga, tembea mpaka shuleni. Ukihitaji gari, hamisha nyumba au hamisha shule. Nenda hiyo shule saa nane mchana siku ambayo hukualikwa, angalia watoto wanatokaje. Uliza wangapi wamekaririshwa darasa la tatu. Usinitumie orodha ya shule kumi bora, NECTA wenyewe, baraza la mitihani, waliacha kutangaza hizo tangu 2023. Narudia, tembea kwa miguu.

Wa darasa la pili mhamishie Kayumba bila hofu, na Kiingereza sasa kinafundishwa tangu darasa la kwanza. Wa darasa la tano, kama yuko medium, mwache huko huko ila iwe ya karibu. Yuko darasa moja na binti yangu, ni wale wa mtaala mpya watakaomaliza msingi kwa miaka sita mwaka 2027, mwaka mmoja na watakaokuwa la saba. Kumbadilishia lugha ya mtihani sasa hivi ni kumkomoa.

Wazazi wenzangu, tuulizane ukweli, ile ada tunamlipia mtoto au tunawalipia watu wa chai ya saa nne? Mtoto wa miaka saba anaamka kabla ya muadhini ili wewe uwe na jibu zuri ofisini. Mimi nilifanya hivyo miaka mitatu, kwa mkopo. Tembeeni kwa miguu, jamani.

Kijana alimaliza la saba 2024 kwa wastani wa B, Kiingereza akapata A. Sasa yuko kidato cha pili sekondari ya kata. Mwaka jana Nanenane nilikutana na yule mwalimu mkuu kwenye banda la mbegu. Nilikuwa nimeiandaa hotuba yangu kwa miaka minne. Nikamsalimia, nikamsogeza kijana mbele. Akampa mkono, akasema, "Mrefu huyu, anasoma wapi?" Hakutukumbuka kabisa.

Ila mfumo wao unatukumbuka. Kila Januari napata ujumbe kwamba nadaiwa usafiri wa muhula wa tatu, 2020. Sijaizuia ile namba.