Kabla ya kupanga nyumba ya likizo kwenye vilima vya Mwanza, ulizia maji, njia na jiwe

Ndugu na marafiki wanaokuja Mwanza kwa likizo za Desemba huniomba niwatafutie nyumba ya kupanga kwa siku chache, yenye jiko na sebule yake, badala ya vyumba vya hoteli, na karibu wote hutanguliza sharti moja: ziwa lionekane dirishani. Katika jiji hili sharti hilo halimsaidii mtu kuchagua. Ukiwa Isamilo, Bugando, Capri Point au Kitangiri, dirisha lolote lililopita paa la jirani litakuonyesha maji, na picha zinazotumwa na madalali zote hufanana: kibaraza, viti viwili vya plastiki, na Ziwa Victoria kwa mbali. Niliishi Isamilo kwa muda kabla ya kuhamia Buswelu, na kwa nilivyoziona nyumba za mlimani, hutofautiana kwa mambo matatu ambayo picha haiyaonyeshi: namna maji yanavyopanda kufika kule juu, namna njia inavyofika mlangoni, na jiwe ambalo nyumba imeliegemea.

Nyumba zenye sura ya zamani zina mahali pake. Wajerumani waliifanya Mwanza kituo chao cha utawala na biashara miaka ya 1890, Waingereza wakaichukua mwaka 1916 wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na reli kutoka Tabora ilipofika mwaka 1928 mji ulianza kukua kwa kasi. Wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi walijenga bondeni, karibu na soko, maduka yenye makazi ghorofani, na maofisa wakapanda vilimani kufuata upepo. Ndiyo maana hadi leo Isamilo na Capri Point utakuta nyumba zenye vibaraza vipana, dari za juu, kuta nene, na sakafu ya saruji nyekundu inayong'arishwa kwa nta, zimesimama juu ya misingi ya mawe yaliyovunjwa papo hapo. Kilima cha Isamilo ndicho kinachotajwa kwenye kibao cha mnara wa saa katikati ya jiji, kwamba hapo ndipo mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipoliona ziwa tarehe 3 Agosti 1858. Wavuvi waliokuwa majini siku hiyo hawakuwekewa kibao. Baadhi ya nyumba hizo sasa zimegawanywa: mwenyewe anakaa nyumba kubwa, na vyumba vya uani, ambavyo zamani vilikuwa vya watumishi, vimeunganishwa na kupewa jiko na bafu ili wageni wapange. Mimi huvipendelea vile vya uani. Havina kibaraza cha kujivunia, lakini viko karibu zaidi na jiwe, na kwenye vilima vya Mwanza uzuri wa nyumba na taabu yake vyote hutoka huko.

Mawe haya ni graniti. Hayakuletwa na mtu wala hayakudondoka kutoka kokote. Ni mwamba mmoja mkubwa uliokuwa chini ya ardhi, ukapasuka kwa nyufa, maji yakaula polepole kwenye nyufa hizo, udongo ukasombwa, yakabaki majabali ya mviringo yaliyobebana. Fundi anayejenga katikati yake ana njia mbili tu, ama alivunje jabali kwa moto na nyundo, ama alizunguke. Waliozunguka ndio waliotuachia nyumba zenye haiba. Nilipokaa Isamilo, jabali liliingia jikoni kwa ukubwa wa meza ya watu wanne. Ukuta ulikuwa umekatwa kulifuata umbo, na mahali saruji ilipokutana na jiwe palikuwa na mshono usiopita upana wa kidole. Mama mwenye nyumba alinionyesha jinsi ya kulitumia: "Mwanangu, nyanya na mboga ziweke hapo kwa chini, zitakaa mpaka kesho kutwa." Na kweli zilikaa, kwa sababu jiwe lililofunikwa na paa halipati jua, hivyo linabaki na ubaridi mchana kutwa.

Jabali lililo nje, linalopigwa na jua, lina tabia nyingine kabisa. Graniti hunywa joto polepole na kulitoa polepole, kwa hiyo chumba cha kulala ambacho ukuta wake umegusana na jiwe linaloangalia magharibi huwa cha kustahimilika saa kumi jioni na kuwa cha moto saa nne usiku, wakati wewe unataka kulala. Mwenye nyumba akikuambia kwamba chumba kina feni, muulize kichwa cha kitanda kiko upande gani, na je, nyuma ya ukuta huo kuna nini. Swali hilo huwashangaza wengi, ila wanaolijibu bila kusitasita ni wale waliowahi kulala humo wenyewe.

Jambo la pili kuhusu jiwe ni usalama, na hapa sioni haya kuwa mkali. Wakati wa masika, yaani Machi hadi Mei, na hata kwenye mvua za vuli za mwisho wa mwaka, udongo unaoshikilia majabali hulainika, na jiwe kuporomoka si jambo geni katika mitaa ya milimani. Ukifika, kabla hujashusha mizigo, tazama jabali lililo juu ya nyumba. Likiwa na kutu na ukoko wa kijivu hadi chini linapokutana na ardhi, limetulia siku nyingi. Likiwa na mstari wa udongo mbichi kitakoni, au mfereji mpya wa maji uliopita chini yake, au limekingwa kwa matofali yaliyopangwa bila saruji, mimi ningerudisha mizigo kwenye gari. Hakuna mandhari yanayolipia hilo.

Maji ni kichekesho cha jiji hili: unaweza kukaa kibarazani ukilitazama ziwa kubwa kuliko yote Afrika huku bomba la jikoni likikohoa hewa. Sababu ni ya kawaida tu. Maji huvutwa ziwani, kwenye chanzo cha siku nyingi cha Capri Point na kile kipya cha Butimba, husafishwa, kisha husukumwa kwa pampu hadi kwenye matangi makubwa yaliyoko vilimani, na kutoka hapo huteremka yenyewe kwenda kwa watu. Nyumba iliyo chini ya tangi hupata maji yenye nguvu. Iliyo sawa nalo au juu yake husubiri usiku, wakati walio chini wamefunga mabomba. Kwa hiyo usiulize kama maji yapo, maana jibu litakuwa ndiyo. Uliza hutoka siku zipi na saa ngapi, tangi la nyumba ni la lita ngapi, na limewekwa wapi. Tangi la lita 1,000 linaonekana kubwa kwa macho, lakini familia ya watu 6 wanaotumia lita 60 kila mmoja kwa kuoga, kupika na chooni hawalifikishi siku 3. Na tangi lililowekwa chini ardhini hutegemea pampu, maana yake umeme ukikatika maji nayo yamekatika. Lililoinuliwa kwenye mnara au juu ya jabali litaendelea kukuhudumia gizani.

Swali la choo watu huliona la aibu, hata hivyo lina uzito uleule. Huwezi kuchimba shimo refu kwenye graniti, kwa hiyo mashimo ya majitaka ya mlimani mara nyingi ni mafupi na hujaa upesi nyumba ikipokea wageni wengi, na gari la kunyonya haliwezi kupanda ngazi. Katika baadhi ya mitaa, kama Mabatini na Igogo, mamlaka ya maji ya jiji, MWAUWASA, imelaza mabomba membamba ya majitaka yanayopita juu na katikati ya mawe hadi kwenye mtandao mkuu. Si ya kupendeza kuyatazama, lakini nyumba iliyounganishwa nayo ningeichagua kabla ya ile yenye bustani nzuri na shimo linalopumua jirani ya dirisha.

Kuhusu njia, maneno "dakika tano kutoka barabarani" yamesemwa na kijana asiye na begi. Mwombe mwenye nyumba au dalali akurekodie video, akitembea kutoka gari linapoishia hadi mlangoni, bila kuikata. Utaona kama ni ngazi za saruji zenye mkono wa kushikia au ni mawe yaliyochongwa hatua, utaona taa zilipo na zisipokuwepo, na kwa jinsi anavyohema utajua kilima kina mwinuko gani. Ukiwa na mzee mwenye magoti mabovu, au mtoto wa kubebwa, video hiyo ina thamani kuliko picha zote za ziwa. Dereva wa bodaboda anaweza kukupandisha sehemu ambazo bajaji hukataa, lakini mvua ikinyesha naye atakushusha chini, na atakuwa na haki.

Mahali pa kuchagua hutegemea unakuja na nani. Kwa familia yenye wazee ningetafuta sehemu za chini za Isamilo, ambako magari hufika geti kwa geti na mji uko karibu. Wawili wanaotaka utulivu waende Capri Point, upande wa magharibi, ambako jua huzama mbele yao juu ya ghuba, na boti ya kwenda kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2013, ni mwendo mfupi wa miguu au bajaji. Bei huko iko juu na maduka ya vyakula ni machache. Upande wa Bugando ni wa watu wanaotaka kuishi na jiji lenyewe, kelele na yote. Nasema kelele kwa makusudi: majabali hurudisha sauti, na muziki wa baa iliyo bondeni Jumamosi usiku hupanda mlimani ukiwa mzima. Adhana na spika za mikesha pia. Mimi hainisumbui, mgeni kutoka shamba anaweza kukesha.

Vipo vitu vidogo vya kuvitazama ndani. Vyandarua vya vitandani na nyavu za madirishani viwe vizima, si kwa ajili ya mbu peke yao bali pia kwa wale wadudu wadogo wa ziwani ambao siku nyingine hutoka majini kwa mawingu yanayofanana na moshi na kufuata taa. Wakija, zima taa ya kibarazani na ufunge dirisha la upande wa ziwa. Pimbi watakuja kuota jua kwenye mawe asubuhi pamoja na mijusi ya kichwa cha waridi na mwili wa samawati, na watoto watafurahi, ila vyakula visiachwe nje. Kama nyumba ina njia ya kushuka hadi ufukweni, usiwaache watoto wachezee maji kwenye matete, kwa sababu konokono wanaoeneza kichocho huishi humo.

Jiko, kwa maoni yangu, ndiyo faida kubwa ya kupanga nyumba badala ya chumba. Ukinunua sato mbichi asubuhi na kumpika mchana mwenyewe, ukapata na michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kesho asubuhi kwa chai, umeshakula vizuri kuliko kwenye mikahawa mingi. Dagaa na samaki wakavu wa kurudi nao nyumbani hununuliwa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Hakikisha tu mtungi wa gesi una gesi na kwamba mmekubaliana nani ananunua umeme wa LUKU, ule unaolipiwa kabla ya kutumika. Andika uniti zilizopo kwenye mita siku unapoingia, mbele ya anayekukabidhi funguo.

Malipo nayo yana utaratibu wake. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa huduma za ndani ya nchi, kwa hiyo anayekutajia dola mwombe shilingi. Dalali asikudai kamisheni ya mwezi mzima kwa nyumba ya siku nne. Ukituma malipo ya awali kwa simu, jina linalotokea kabla hujathibitisha liwe la mwenye nyumba au la mtu aliyekwisha kutajwa kwako, na salio ulipe ukiwa umeshafungua bomba na kuwasha taa.

Daraja la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 2025, limewarahisishia wanaotoka Geita na Sengerema, ambao sasa hawasubiri kivuko na wanaweza kufika muda wowote. Wanaotoka Bukoba kwa meli ya usiku bado hufika bandarini asubuhi mapema, saa ambazo mpangaji aliyetangulia hajaamka na shuka hazijabadilishwa. Zungumza na mwenye nyumba siku moja kabla, umwombe muache mabegi kibarazani na muoge bafu la nje mkisubiri chumba. Wenye nyumba wa vilimani wengi hukubali bila kudai nyongeza, na pengine chai mtaikuta.