Seli za kinga za samaki zinatoka kwenye figo

Ndugu, unasema samaki hana seli za kinga kwa kuwa mifupa yake haina uboho (ute wa ndani ya mfupa) wa kutengeneza damu. Hapana, kuukosa hakumnyimi seli hizo. Kwake kazi hiyo inafanywa na figo. Ukipasua samaki aina ya mgebuka pale Kibirizi, Kigoma, ule utepe mwekundu wa kiza uliogandia uti wa mgongo, tunaoukwangua kwa ncha ya kisu, ndiyo figo yenyewe. Nafundisha baiolojia, na samaki nimepasua wengi. Watafiti wanapenda zebrafishi, kasamaki ka milia ka Asia Kusini, maana akiwa mchanga mwili wake unapitisha mwanga: unaona seli zikitembea akiwa hai. Seli T zake, aina ya seli nyeupe za kinga, hukomaa kwenye tezi iitwayo thaimasi kama zetu, ingawa ukoo wetu na wake uliachana zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Ila tezi za limfu, vile vivimbe vidogo ambamo seli zetu za kinga hukusanyika, hana.