Harusi ya rangi au nyeusi na nyeupe? Usikubali kuchagua kabla kamera haijafunguliwa

Dada, hongera kwa hatua uliyofikia. Umesema harusi ni Desemba, mchumba wako anataka albamu nzima iwe nyeusi na nyeupe kwa kuwa "zinadumu na zina heshima", wewe unataka rangi, na mpiga picha wenu amewaambia mchague mapema ili aiseti kamera yake. Nimepiga picha za harusi miaka kumi na minne, nyingi Tanga na Dar es Salaam. Mabishano yenu wawili ni ya kawaida, yataisha. Kilichonifanya nikae niandike ni hilo la kuseti kamera.

Mwaka wangu wa pili kazini nilipiga harusi moja Tanga ambayo bwana harusi alitaka kama anavyotaka wako. Nikaiweka kamera ipige nyeusi na nyeupe moja kwa moja, faili za JPEG, yaani picha ambayo kamera inaikamilisha yenyewe, nikiona naokoa muda wa kuhariri. Asubuhi ile, kabla ya msafara kutoka, bibi yake bibi harusi alifungua sanduku akatoa kisutu, akamfunika mjukuu wake mabegani, akakaa akimtazama bila kusema neno. Kisutu mnakijua: nyekundu, nyeusi na nyeupe, kanga ya bibi harusi tangu enzi za wazee wetu. Nilipiga kama picha ishirini. Nyuso zilitoka vizuri sana, lakini wekundu uligeuka kijivu kizito ukasogeleana na weusi wa nakshi, na kisutu kikabaki kitambaa tu, kingeweza kuwa chochote.

Mzee yule alifariki kabla mwaka haujaisha. Bibi harusi akanipigia: "Kaka, naomba ile ya bibi, ya rangi." Sikuwa nayo. Zipo programu za kutia rangi picha za zamani, lakini hizo hubashiri tu, hazikuwepo chumbani asubuhi ile. Nilimwambia ukweli, akanyamaza, akashukuru, akakata simu. Tangu siku hiyo sijapiga hata picha moja ya harusi kwa namna ile.

Sasa kitu chenyewe kinavyofanya kazi. Kamera anayotumia mpiga picha wenu, kama ni ya kawaida, huona rangi wakati wote. Ukiiambia ihifadhi JPEG nyeusi na nyeupe, inapokea rangi, inazitupa, inahifadhi kilichobaki. Kilichotupwa hakirudi. Ukiiambia ihifadhi RAW, yaani faili ghafi, kila kitu kinabaki humo, hata kama kioo cha nyuma kinamwonyesha nyeusi na nyeupe. Wapo wenzangu wanaopenda kufanya kazi hivyo: wanatazama kwa macho ya kijivu ili waone mwanga na kivuli bila kuchanganywa na rangi, huku rangi zote zikiwa salama kwenye kadi. Kwa hiyo hakuna kinachowalazimu mchague leo. Mwulize swali moja tu: "Unapiga RAW?" Akisema ndiyo, mjadala wenu unahamia baada ya harusi, picha zikiwa mezani. Akisema hapana, au akikwepa, mtafute mwingine mapema. Sisemi kwa ubaya.

Kuhusu kudumu, mchumba wako ana hoja, ila ni hoja ya zamani. Kwetu ipo picha ya ndoa ya babu na bibi, ya mwaka 1963, nyeusi na nyeupe, na mpaka leo unahesabu vifungo vya koti. Picha za ndoa ya wazazi wangu, mwaka 1985, ni za rangi, na zimekuwa nyekundunyekundu kama zimepigwa wakati wa machweo. Sababu ni kwamba picha nyeusi na nyeupe za zamani zilijengwa kwa chembe za madini ya fedha, ambazo zikisafishwa vizuri hukaa miaka mingi sana. Za rangi zilijengwa kwa rangi za kemikali za tabaka tatu, na kwenye karatasi nyingi za miaka ile tabaka la samawati lilikuwa linawahi kufa, hivyo picha ikabaki na wekundu na umanjano. Zile studio kongwe za pwani, kama Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyofunguliwa mwaka 1930, ndiyo maana kazi zao za awali bado zinatazamika.

Lakini ukienda leo kusafisha picha nyeusi na nyeupe kwenye studio ya mtaani, mara nyingi inatoka kwenye mashine na karatasi ileile ya rangi. Hakuna fedha humo. Itadumu sawa na jirani yake ya rangi, basi. Tena ina tatizo lake: mashine isiporekebishwa vizuri, kijivu kinatoka na ukijani au uzambarau kidogo, na macho hulikamata hilo haraka kuliko kwenye picha ya rangi. Kabla hamjalipia albamu, safisheni picha moja ya majaribio, mtoke nayo nje muitazame kwenye mwanga wa mchana. Taa za dukani zinadanganya.

Hayo ya kudumu tuyaweke pembeni. Picha ipi iwe ipi? Mimi hujiuliza kama kilichonifanya nibonyeze kilikuwa rangi au sura ya mtu. Baba anapomkabidhi binti yake na kidevu kinaanza kutetemeka, nyuma yake kuna mjomba mwenye shati la njano na feni ya plastiki ya buluu. Ukitoa rangi, shati na feni vinanyamaza, kidevu kinabaki. Viganja vya mama vikifunga zipu ya gauni, dada anayemfuta bibi harusi jasho, babu aliyesinzia na fimbo yake wakati emsii anaendelea na ratiba: hizo mara nyingi nazigeuza nyeusi na nyeupe bila kusita.

Kicheni pati siitoi rangi, wala kina mama wakiingia ukumbini na zawadi kichwani, vigelegele, vitenge vya upande wa bwana na vya upande wa bibi. Kamati imekaa miezi ikibishana kuhusu sare, mafundi wamekesha. Kuifuta kazi hiyo ni kuwakosea watu. Na hina ndiyo kabisa. Hina nyekundu kwenye ngozi ya maji ya kunde, ukitoa rangi, inafifia na kuzama kwenye ngozi kwa sababu kijivu cha vyote viwili kinakaribiana. Piko, kwa kuwa ni nyeusi, inasimama vizuri tu. Bibi harusi aliyekaa saa kadhaa bila kugusa kitu ili hina ikauke, usimpe mkono usio na ua.

Ukumbini usiku ni habari nyingine. Taa za rangi za mapambo na za diijei zinamwaga zambarau na buluu usoni kwa maharusi, na watu wengi wanadhani nyeusi na nyeupe ni dawa ya hapo. Ni dawa nusu. Kamera hurekodi mwanga kwa mafungu matatu, nyekundu, kijani na buluu. Uso ukipigwa na taa ya buluu tupu, fungu la buluu linafurika na yale mawili yanabaki karibu matupu. Shavu linakuwa bapa, bila umbo, na ukitoa rangi unapata ubapa uleule wa kijivu. Mpiga picha makini anapunguza mwanga unaoingia kwenye kamera ili fungu lile lisifurike, au anawasha flashi yake kwa upole, au anamfuata mtu wa taa mapema na kumwomba taa nyeupe wakati wa kukata keki na kulishana. Mimi huongea na mtu wa taa kabla ya kuongea na emsii. Mwambieni mwenyekiti wa kamati aliweke hilo kwenye ratiba.

Halafu kuna jambo linaloniuma kila nikiona kazi za wenzangu mtandaoni. Kwenye programu za kuhariri, unapogeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, unaweza kupandisha au kushusha kila rangi peke yake. Ngozi zetu zimelala kwenye chungwa na nyekundu. Mtu anapandisha chungwa na nyekundu mpaka mwisho, bibi harusi mweusi anatoka mweupe pee, na mdomo wenye rangi ya mdomo nyekundu unapauka kama wa mgonjwa. Anaita hiyo kung'arisha. Ngozi nyeusi kwenye picha nyeusi na nyeupe ni nzuri mno ikiachwa na uzito wake: mwanga unakaa kwenye shavu na bega, kivuli kinaingia polepole, na shela jeupe linapata wa kushindana naye. Mwombeni awaonyeshe picha nyeusi na nyeupe ya bibi harusi mwenye ngozi kama yako, pamoja na ileile ikiwa na rangi. Mkikuta ni kama watu wawili tofauti, mmeshajua. Na awaonyeshe harusi moja nzima, asiwape zile kumi bora za harusi kumi.

Ile mtindo ya kuacha maua tu yawe mekundu na watu wote kijivu, ikataeni. Maua yanakuwa ndiyo maharusi.

Kwenye mkataba andikeni maneno haya kwa Kiswahili chepesi: picha zote zipigwe RAW, kila picha nyeusi na nyeupe mkabidhiwe pia na nakala yake ya rangi, na faili mpewe kwenye flashi au diski, siyo kwa WhatsApp, ambako ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na kupungua ubora. Mimi kwa harusi ya siku nzima nikikabidhi picha mia tano, nyeusi na nyeupe huwa hamsini hivi, na albamu ninaipanga zikae kurasa zinazotazamana zenyewe kwa zenyewe. Kijivu kikipangwa ubavuni mwa kitenge, jicho linakimbilia kitenge.

Mchumba wako akishikilia albamu nzima iwe nyeusi na nyeupe, si kosa, ni ladha yake, na faili za rangi zikiwepo unaweza kusafisha ya pili kwa ajili yako na mama zenu. Ila umetaja kwamba sare zenu ni damu ya mzee kwa upande wake na kijani ya jeshi kwa upande wako. Chukua kipande cha kila kitambaa kutoka kwa fundi, vilaze pamoja dirishani mchana, vipige kwa simu, kisha weka ile filta ya nyeusi na nyeupe. Rangi hizo mbili zina uzito unaokaribiana, na ninavyozijua zitatoka kitambaa kimoja. Mwonyeshe mchumba wako jioni, usimwambie kitu, mwulize tu ndugu zake ni wepi.