Kadi za maneno kwa mtoto wa miezi minane

SWALI: Mwalimu, nina watoto wawili. Mdogo ana miezi 8. Nilimnunulia kadi za maneno kwa shilingi 45,000. Muuzaji alisema nikimwonyesha kila siku atasoma kabla hajatimiza miaka 2. Anazitafuna tu. Dada yake yuko darasa la kwanza. Kitabu chake anakisoma chote bila kukosea, lakini nikimwandikia neno lilelile kwenye karatasi, halijui. Ninunue vitabu gani? — Mama wa wawili, Morogoro

JIBU: Dada yangu, hizo kadi ziweke kando. Mwanao hana kasoro yoyote: mtoto wa umri huo hukijua kitu kwa kukitia mdomoni. Aliyekosea ni muuzaji, na kosa lake si dogo.

Mwaka 2012 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliwashtaki wauzaji wa mpango wa video na kadi waliodai kuwa mtoto wa miezi 9 anaweza kufundishwa kusoma. Mwaka 2014 yakachapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa huko kwa watoto 117 wa kati ya miezi 9 na 18. Baada ya miezi 7 ya kutumia bidhaa ya namna hiyo, hawakuwa wamejifunza kusoma. Wazazi wao ndio walioamini kwamba wanasoma. Bidhaa kama hizo leo ndizo zinazotuzungukia mitaani, na mzazi anatoa hela ya matumizi ya wiki nzima.

Kitabu cha mtoto mchanga si cha kufundishia herufi. Ni cha kumpakata na kuzungumza naye. Mtafutie cha kurasa ngumu au cha kitambaa, kisichotoa rangi akikilamba, chenye picha moja kubwa kila ukurasa, na iwe ya kitu anachokiona nyumbani: kuku, sufuria, kandambili. Akipiga picha kwa kiganja, mwambie, “Eeh, kuku! Kuku yuko wapi? Yule pale nje.” Dakika tano zinatosha. Akikifunga, usimlazimishe.

Kwa dada yake, unachokiona ni kukariri. Wazazi wengi hukifurahia wakidhani ni kusoma. Wewe umegundua, hongera. Mara nyingi kosa ni la kitabu. Watu hupima ugumu kwa kuhesabu maneno kwenye ukurasa, lakini Kiswahili kipime kwa silabi. “Hatutawasindikiza” ni neno moja, silabi nane. Vitabu vingi pia huanza na mbwa na ng'ombe kwa kuwa picha zake zinajulikana, huku mtoto anakutana na m, b na w zimebanana mbele ya irabu moja. Aanze na “baba analima”, “Juma ana kuku”, konsonanti moja na irabu moja. Akishazoea, ndipo uingize nd, mb, ny, mwisho ng' na mbw. Funika picha kwa kiganja, umwekee kidole chini ya neno la katikati ya sentensi, si la mwanzo. Akilisoma, kitabu kinamfaa. Akikwama kwenye neno moja au mawili, bado kinamfaa. Akikwama kila mstari, rudi nyuma bila kumgombeza.

Na usimnunulie kitabu cha herufi kilichotafsiriwa bila kufikiriwa. Nimeshika kimoja chenye A na picha ya tufaha. Mtoto anatamka “tufaha”, anaonyeshwa A, na anayesahihishwa ni yeye!

Hao wanaouza kusoma kwa umri, “miaka 2”, “siku 30”, “wiki tatu”, hukutana na mzazi akiwa na hofu kwamba mwanawe ataachwa nyuma na wa jirani. Hofu hiyo ndiyo mtaji wao. Anayekuletea mtoto wa mfano, mwombe mtoto huyo asome ukurasa ambao hajawahi kuuona, picha zikiwa zimefunikwa. Wauzaji watatu waliokuja shuleni kwetu niliwaomba hivyo, na hakuna aliyekubali.